Mhandisi na Folda Iliyokuwa Kwake Tu

Mhandisi hakuwa mhandisi. Hilo alilijua yeye kabla ya mtu mwingine yeyote, na pengine ndiyo sababu alikuwa mwepesi wa kuwakumbusha watu cheo chake. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa fundi redio kwenye kibanda chenye upana wa mlango mmoja na nusu, akichomelea waya na kupuliza vumbi kwenye matumbo ya redio za watu, mpaka simu za mkononi zilipowafanya wateja waache kumletea redio na kuanza kumletea salamu tu. Kwa kukosa la kufanya akaanza kufufua kompyuta zilizotupwa na maofisi. Na kwa kuwa kompyuta iliyofufuka nayo inataka kazi, akajifunza kuandika programu, ukurasa kwa ukurasa, kutoka kwenye kitabu kisichokuwa na jalada wala sura mbili za mwanzo.

Aliyemtoa kibandani ni dada yake mkubwa. Dada alikuwa mtaalamu mkuu kwenye tawi la maabara ya kupima maji, mwendo wa saa tatu kutoka makao makuu. Siku moja alipanda ngazi mpaka kwa Madam, mkuu wa maabara zote, akamwambia, "Nina mdogo wangu. Kichwa kigumu, maneno mengi, ila akishika kitu hakiachi mpaka kikubali." Madam akacheka, akampa mdogo huyo kazi ya msaidizi wa takwimu hapo makao makuu. Alianza Jumatatu. Kufikia Ijumaa barua pepe zake zote zilikuwa zinaishia na neno "Mhandisi" kwa herufi nzito. Wenzake wakalisoma, wakatazamana, na wakaanza kumwita hivyo kwa sauti ya kuvuta: Mhandiiisi. Alidhani wanamheshimu. Ilimchukua mwaka na nusu kutambua kwamba ile i iliyovutwa ilikuwa na maana yake.

Kazi ya maabara yenyewe ilikuwa hivi. Maji huletwa kutoka visimani na mabombani, mashine hupitisha mwanga ndani yake na kuchora mstari wenye vilima na mabonde, na kutokana na vilima hivyo mtaalamu hujua maji yana nini. Wataalamu walikuwa wakivisoma kwa rula, penseli na majedwali. Trei moja ya sampuli ilikula nusu siku na macho ya mtu. Mhandisi aliwaangalia wiki mbili, akatangaza wakati wa chai kwamba kazi hiyo kompyuta inaweza kuifanya mtu akiwa bado anakoroga sukari.

Programu aliiita Pima. Sehemu kubwa aliiandika kwa Python, lugha anayoipenda kwa sababu inamsamehe. Lakini Python ilipofika kwenye hesabu nzito za vilima na mabonde ilikwenda kwa mwendo wa mgonjwa anayetoka kitandani: dakika sita kwa sampuli moja. Watu walikoroga sukari, wakanywa chai, wakaosha vikombe. Basi akaamua hesabu hizo aziandike upya kwa lugha ya C, ambayo haimsamehe mtu yeyote, kisha azigeuze kuwa faili la mashine ambalo Python ingeliita kama kiungo chake yenyewe. Na kipande hicho cha C nacho hakikuwa kinajitegemea. Kiliegemea maktaba.

Hapa lazima niseme maktaba gani, maana neno hili lilimletea matatizo hata nyumbani kwake. Si ya vitabu. Ni faili lenye hesabu zilizokwisha kuandikwa na watu wengine wenye akili nyingi, ambalo programu huliazima wakati inafanya kazi badala ya kuandika kila kitu upya. Siku moja alilalamika mezani, "Nimehangaika leo kutwa nzima, maktaba haionekani," na mama mkwe wake, aliyekuwa anaishi nao, akaweka kijiko chini.

"Mwanangu, si ile ya karibu na posta? Mbona asubuhi nimepita, iko wazi?"

"Mama, hii ni ya ndani ya kompyuta."

Mama mkwe akamtazama kwa huruma, akamwongezea mboga.

Wiki tatu Mhandisi alipambana na kile kipande cha C. Kilikataa kugeuzwa, kilipokubali kugeuzwa kikakataa kuungana na maktaba, kilipoungana kikazima programu nzima bila kuaga. Jumanne ya wiki ya tatu alikata tamaa. Akakusanya kila kitu, maandishi ya programu pamoja na ile maktaba aliyoikompaili, yaani kuigeuza faili la mashine, mwenyewe, akavitia kwenye folda moja, na folda hiyo akaipa jina lililotoka moyoni: usiguse_mpaka_nipate_akili. Akafunga laptopu.

Akili ilikuja Alhamisi, au kitu kinachofanana nayo. Akabadilisha mstari mmoja, Pima ikafunguka, sampuli ya dakika sita ikasomwa kwa sekunde mbili. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Alikwenda kumwita mtunza stoo aje aone, mtu ambaye hakuhusika kwa lolote, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwepo karibu. Katika furaha hiyo hakukumbuka kubadilisha jina la folda. Akaifunga programu kwenye kifurushi, na kwa kuwa alikuwa mtu makini, maktaba nayo akaitia humo humo, kwenye folda ndogo kando kabisa ya kile kipande cha C. "Kila kitu kimo ndani," aliandika kwenye barua pepe kwenda tawi la Dada. "Mnafungua tu." Mhandisi, kwa herufi nzito.

Dada akapiga simu saa nne asubuhi.

"Mdogo wangu, imekataa."

"Haiwezi kukataa. Kwangu inakubali."

"Huku kwetu imekataa. Imeandika maneno mengi ya Kizungu, inasema faili halipo, halafu kuna vistari vya mshazari, mikwaju mikwaju, ngoja nikusomee. Mkwaju, nyumbani, mkwaju, kazi, mkwaju, usiguse…"

"Basi, basi, inatosha Dada, hayo ni ya ndani. Nani amesimika hiyo programu?"

"Kimya."

Kimya alikuwa mtunza kompyuta wa tawi, na jina hilo halikuwa fumbo. Angeweza kukaa kikao kizima akasema "ndiyo" mara mbili, na ya pili akaifuta. Mhandisi alikuwa amekutana naye mara moja tu, na kwa kuwa Kimya hakusema kitu, alihitimisha kwamba hajui kitu.

"Mwambie kompyuta yenu imechafuka," alisema Mhandisi kwa sauti ya daktari bingwa. "Aifute yote, asimike upya kuanzia mwanzo."

Kimya akafuta, akasimika. Siku mbili tawi likarudi kwenye rula na penseli. Programu ikakataa tena, kwa maneno yale yale. Mhandisi akaagiza ifutwe mara ya pili. Ikafutwa. Ikakataa. Wakati huo wote, kwenye meza yake makao makuu, Pima ilikuwa inafunguka kama mlango wa duka, na kila ikifunguka aliona ushahidi mwingine kwamba tatizo liko umbali wa saa tatu. Akamwandikia Madam, nakala kwa wote wanaohusika na wachache wasiohusika: "Programu haina kasoro. Kasoro ipo kwa aliyesimika, ambaye hajafuata maelekezo." Kimya akapewa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya siku saba.

Dada alipopata habari alimpigia tena. Safari hii hakusema mdogo wangu.

"Wewe. Umemfanyia nini Kimya?"

"Sijamfanyia kitu. Nimeeleza ukweli wa kitaalamu."

"Huyu kijana ametengeneza kila kitu humu ndani kwa miaka tisa. Mimi nilikuombea kazi, sikukuombea rungu."

Akakata simu. Mhandisi akabaki ameshika mkonga wa simu, akijiambia kwamba Dada ni mtu wa maji na hawezi kuelewa mambo ya programu.

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, mke wake aliweka mezani laptopu mpya kabisa. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi na shule ilikuwa imemkabidhi wiki hiyo. Hata lile karatasi la plastiki la kwenye kioo alikuwa hajalibandua.

"Baba watoto, hebu niwekee hiyo Pima yako niione. Kila siku nasikia habari zake kama mke mwenza."

Mhandisi alijinyoosha. Hii ilikuwa nafasi ya kusifiwa nyumbani, bidhaa adimu. Akamvuta mama mkwe naye akae aone. Akachomeka flashi, akanakili kifurushi, akafuata maelekezo yake mwenyewe neno kwa neno, akabonyeza.

Skrini ikaandika maneno mengi ya Kizungu.

"Inasemaje?" aliuliza mke wake.

"Kompyuta yenu…" alianza, kisha akasita, maana kompyuta yenyewe ilikuwa bado ina plastiki. Haikuwa imechafuliwa na mtu. Haikuwa imeguswa na mtu.

Mke wake, ambaye kwa kazi yake husoma kila kitu kinachoandikwa na kila mtoto, aliinama, akaweka kidole kwenye skrini, akasoma kwa sauti ya darasani: "Usiguse, mpaka, nipate, akili." Akamgeukia. "Nani huyo?"

Mama mkwe alianza kucheka kabla Mhandisi hajapata la kusema. Alicheka taratibu, kwa adabu, akifunika mdomo kwa kanga, lakini mabega yalimsaliti.

Mhandisi hakucheka. Alikuwa anasoma, kwa mara ya kwanza, yale maneno aliyomzuia Dada asimsomee. Na alipoyasoma aliyaelewa yote kwa mpigo, jambo lililomuuma zaidi, kwa sababu lilimaanisha angeyaelewa tangu siku ile ya simu. Alipokiunganisha kile kipande cha C na maktaba, alikuwa ametaja mahali maktaba ilipo: ndani ya folda yake, kwenye laptopu yake, chini ya jina lake. Na kwa kuwa ile maktaba aliikompaili mwenyewe bila kuipa jina rasmi la kujulikana, kipande kikaiandika kwa anwani ile nzima, kama ilivyo, na kuibeba kokote kilikokwenda. Kila kompyuta duniani ambayo ingefungua Pima ingekwenda kutafuta folda ya usiguse_mpaka_nipate_akili. Kwenye meza yake ingeipata. Kwingine kote isingeipata, hata ikifutwa mara mia.

Na maktaba yenyewe ilikuwa pale pale kwenye kifurushi, kando kabisa, kwenye folda ndogo aliyoitengeneza kwa mikono yake. Programu haikuangalia kando. Hakuna aliyeiambia iangalie. Ilikuwa kama mtu anayepiga simu nyumbani kuuliza miwani yake iko wapi, na ameivaa.

"Kuna mtu nimeandika barua mbaya juu yake," alisema mwishowe.

Mke wake akaacha kutabasamu. "Mbaya kiasi gani?"

Akamweleza. Alipomaliza, mwalimu mkuu akauliza swali moja tu. "Kabla ya kumtumia mtu, uliwahi kuifungua kwenye kompyuta ambayo wewe hujaigusa?"

Hakuwahi. Hata mara moja. Ilikuwa haijamjia kichwani kwamba kuna kompyuta ambazo hajazigusa.

Jumapili nzima alirekebisha. Akakiunganisha kipande upya, safari hii kikiagizwa kutafuta maktaba pale pale kilipo chenyewe, hatua moja pembeni, popote pale kitakapokuwa kimewekwa. Maktaba akaipa jina rasmi. Akajaribu kwa mke wake, ikafunguka. Mwalimu mkuu akasema "vizuri" kwa sauti anayowapa watoto waliopata arobaini kwa mia baada ya kupata kumi.

Jumatatu asubuhi alipanda ngazi kwa Madam akiwa ameandaa hotuba. Ilikuwa na utangulizi, ilikuwa na neno "changamoto" mara nne, na mahali fulani katikati ilikuwa na ungamo, limefichwa vizuri kama dawa kwenye uji.

"Madam, kuhusu lile suala la tawi, kumejitokeza changamoto za kimazingira ambazo…"

"Kaa," alisema Madam. Akavuta faili, akatoa karatasi moja iliyochapwa bila kosa. "Barua ya maelezo ya Kimya imefika. Nimeisoma mara tatu, nilidhani ni utani. Ngoja nikusomee."

Akavaa miwani.

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilisimika programu ya Pima kwa kufuata maelekezo yote, na nilifuta kompyuta mara mbili kama nilivyoagizwa. Kila inapofunguliwa, programu hutafuta faili katika folda iitwayo 'usiguse_mpaka_nipate_akili'. Tawi halina folda yenye jina hilo na halijawahi kuwa nayo. Naomba kuelekezwa iwapo tuiunde, au tusubiri kama jina linavyoelekeza. Wako mtiifu katika kazi."

Madam akavua miwani. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia, na fagio lilisikika kila lilipogusa ukuta.

Ile hotuba ikayeyuka yote. Mhandisi alitafuta hata sentensi moja ya kuanzia, akakuta yaliyobaki ni maneno mawili matatu ya kawaida. "Ni kosa langu, Madam. Yote. Kimya alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na Dada alitaka kunisomea kwenye simu nikamkatiza."

"Nilikuwa nasubiri nione utaanzia wapi," alisema Madam. "Ulivyoanza na mazingira, nilikasirika. Sasa angalau tumefika." Akamsogezea karatasi nyeupe. "Andika ya kufuta ile ya kwanza. Kwa mkono. Nakala kwa wale wale wote, hata wale wasiohusika. Na chini usiandike Mhandisi."

"Niandike nini?"

"Unajua mwenyewe."

Akafikiri, akaandika: fundi. Lilikuwa neno fupi, na alishangaa jinsi mkono ulivyolijua.

Kesho yake akaenda tawini yeye mwenyewe, flashi mfukoni, laptopu mgongoni. Maabara ya tawi ilikuwa chumba kirefu chenye sinki tatu, madirisha ya juu, na harufu ya sabuni. Kitu cha kwanza alichokiona ni kompyuta ya maabara, na juu ya skrini yake karatasi iliyobandikwa kwa gundi, imeandikwa kwa kalamu nene: USIGUSE.

"Dada, hii ni ya nini?"

Dada hakuinua macho kutoka kwenye rula yake. "Si programu yako ilisema? Mkwaju, nyumbani, mkwaju, usiguse. Kompyuta ikiandika yenyewe usiguse, mimi nani niiguse? Nimewakataza wote. Wiki mbili hata vumbi hatujafuta."

Hakujua kama anataniwa au la, na Dada hakumsaidia kujua.

Kimya alikuwa kwenye kona, amefungua printa, vipande vimepangwa kwenye gazeti kwa mstari. Mhandisi alimwendea. Alikuwa amepanga kumwomba radhi faraghani, lakini chumba kilikuwa kimoja na watu watano walikuwa wamesimamisha penseli.

"Ndugu yangu," alisema, "nimekukosea. Nilikusema vibaya kwa watu kwa jambo ambalo ni langu. Barua nimeifuta, Madam ameshasaini. Ila nimeona nije nikuambie kwa mdomo wangu, maana mdomo huo huo ndio uliokuharibia."

Kimya akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Mke wangu aliisoma ile barua ya kunitaka nijieleze," alisema. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akisema. "Akaniuliza nimeiba nini."

Mhandisi akatazama vile vipande kwenye gazeti.

"Haya," alisema Kimya baadaye kidogo. "Tuione hiyo mpya."

Wakabandua karatasi. Kimya akasimika, Mhandisi akiwa nyuma yake na mikono mfukoni ili isiende kwenye kibodi yenyewe. Wataalamu wakajikusanya. Mhandisi, ambaye hakuwa amepona kabisa, akasema kwa sauti, "Sasa hivi ikikataa, mnikate sikio."

Kimya akabonyeza. Ikakataa.

Haikuwa ile ya mwanzo. Hakukuwa na folda, hakukuwa na akili. Ilisema tu kwamba hesabu fulani inayohitajika haimo ndani ya maktaba. Mhandisi aliijua hesabu hiyo, aliiona kwa macho yake ndani ya maktaba Jumapili. Nyumbani ilifunguka. Kwa mwalimu mkuu ilifunguka. Kazini ilifunguka. Watu watano walikuwa wanaliangalia sikio lake. Na maneno yakaanza kupanda kifuani yenyewe, yamezoea njia: kompyuta yenu… Yalifika kooni, yakafika kwenye ulimi, akayafungia kwa meno.

"Sijui," alisema.

Dada akainua macho kutoka kwenye rula. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu amsikie mdogo wake akisema hivyo. Mara ya mwisho pengine aliulizwa nani amevunja kioo cha kabati.

"Mimi nadhani najua," alisema Kimya. Akaandika amri fupi, na skrini ikaorodhesha kila maktaba ambayo kipande cha C kilikuwa kinaitumia, na mahali ilikotolewa. Kidole chake kikasimama kwenye mstari wa tatu. Jina lilikuwa lile lile. Folda haikuwa ya Pima. Ilikuwa ya programu ya ile mashine ya mwanga, iliyosimikwa na waliotengeneza mashine, miaka mingi iliyopita.

"Wajina," alisema Mhandisi taratibu.

"Wajina mzee," alisema Kimya. "Hawa wa mashine waliacha agizo humu: kila programu ikitafuta maktaba, ianzie kwao. Nililiona nilipofuta mara ya kwanza. Na nilipofuta mara ya pili. Ikirudishwa programu ya mashine, nalo linarudi."

Kwa hiyo Pima ilikuwa inaangalia kando yake kama ilivyofundishwa, ila kabla haijafika kando ilisimamishwa njiani na mtu mwenye jina lile lile, toleo la zamani, ambaye hakuijua ile hesabu mpya. Ikaondoka naye. Mhandisi aliwaza kwamba kama Kimya angeulizwa tangu mwanzo, hata kwa simu, hata kwa swali moja, hili nalo lingejulikana. Lakini hakuna aliyemuuliza Kimya kitu. Alikuwa ameagizwa tu.

"Tukiliondoa agizo lao?" aliuliza.

"Mashine itakufa."

"Basi tuibadilishe yetu jina. Jina ambalo hakuna mwingine duniani atakuwa nalo, na kipande kiunganishwe kwa jina hilo."

Kimya akatikisa kichwa kukubali. Wakakaa wawili kwenye benchi moja, laptopu kwenye magoti ya Mhandisi. Aliunganisha mara ya kwanza, akakosea herufi. Mara ya pili akabadilisha jina la faili na kusahau lile jina rasmi lililoandikwa ndani yake. Kimya aliona makosa yote mawili kabla yake, na mara zote mbili alisubiri kidogo, kwa upole wa kukera, kumpa nafasi ayaone mwenyewe. Jina jipya la maktaba alilichagua Kimya: pima_haina_wajina, na tarehe ya siku ile mbele yake.

Saa nane na robo Pima ikafunguka tawini. Hakuna aliyepiga makofi. Dada alisogeza kiti, akachukua daftari la wiki iliyopita, na akaanza kulinganisha trei nzima, sampuli kwa sampuli: namba aliyoisoma yeye kwa rula, namba iliyosomwa na programu. Sampuli ishirini na tatu zilikubaliana. Ya ishirini na nne, ya kisima cha shule kilichofungwa wiki iliyopita kwa namba ya rula, ilipishana, tena kwa mbali.

Mhandisi akaegemea mbele. "Itakuwa yangu. Ngoja niangalie hesabu ya…"

"Tulia." Dada alitoa karatasi yenye mstari wa mashine, akaiweka rula upya, akasogeza taa, akapima. Akapima tena. "Hapana. Nimekosea mimi. Nilisoma kilima cha jirani. Siku ile macho yalikuwa yamechoka." Akakata namba yake kwa mstari mmoja, akaandika iliyo sahihi juu yake, akatia saini pembeni, akamwagiza mmoja wa wataalamu ampigie mwalimu wa shule ile sasa hivi, amwambie maji ni mazuri na kisima kifunguliwe. Kisha akafungua ukurasa mwingine.

Ilimchukua kama dakika moja. Hakumtafuta aliyeleta taa mbovu, hakuitaja rula, hakumtazama mtu. Mhandisi alihesabu kimoyomoyo muda aliotumia yeye kufika mahali hapo hapo: wiki tatu, kompyuta moja kufutwa mara mbili, na familia ya mtu mwingine kukosa raha.

"Dada," alisema.

"Nini tena?"

"Samahani kwa ile simu."

"Ile niliyokata mimi au ile uliyonikatiza wewe?"

"Zote."

Dada akageuza ukurasa. "Mama alikuwa anasema wewe ulizaliwa unaongea," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ililegea. "Haya, mdogo wangu. Basi lako si saa kumi na moja? Hapa hakuna mtu anayekaa bure. Kuna chupa sitini kwenye sinki, zinatakiwa kesho asubuhi."

Mhandisi akakunja mikono ya shati. Kimya akaiacha printa iliyofunguliwa kwenye gazeti lake, akaja kusimama kwenye sinki la pili, akamwonyesha bila kusema: sabuni, brashi mpaka chini, suuza mara tatu, geuza. Wakaosha. Mhandisi aliosha kwa kasi, akiwa na haraka ya kuonekana anafaa, akafikisha chupa ishirini na mbili wakati mwenzake ana kumi na nne. Dada alipita, akainua moja ya zile ishirini na mbili kwenye mwanga wa dirisha, akaizungusha, akairudisha kwenye maji machafu. Akainua ya pili, nayo akairudisha.

"Zote," alisema.

Mhandisi akazirudisha zote kwenye sinki, akaanza upya na ya kwanza.